Mfagizi aliyekataa banda lake liwe Babeli

Consolata Mlelwa anaapa kwamba aliliona kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa tatu, saa nane mchana, jua likiwaka. Mhubiri alikuwa amemaliza kusoma habari za Babeli, mji uliojiona malkia wa miji yote kisha ukaachiwa wanyama wa porini. Kabla hajafunga Biblia, bundi mkubwa mwenye uso mweupe akatoka darini, akatua juu ya boriti katikati ya banda la nafaka la Makambako, akageuza shingo huku na huku na kuwatazama wafanyabiashara mmoja mmoja.

"Alituangalia kama mtu wa ushuru," anasema Consolata, muuza dagaa wa Nyasa, ambaye majirani humwita mama Hilario. "Akifika kwako anatulia, anakuandika, ndipo anahamia kwa mwingine. Mimi aliniandika."

Consolata ni jirani wa Esnath Mtewele, mfagizi wa banda, mara mbili. Vyumba walivyopanga vinatazamana, na kizimba chake cha dagaa kiko hatua sita tu kutoka kona ambako Esnath huweka mafagio yake. Hadithi ya bundi Esnath ameisikia hadi anaweza kuisimulia yeye.

"Bundi alitoka, hilo ni kweli," anasema. "Ila mama Hilario hasemi spika ilikuwa imefungwa wapi."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Makambako bado imejifunika ukungu. Malori ya Zambia yananguruma barabarani, hayaonekani ila taa zake. Ndani ya banda kongwe la nafaka, ambalo wenyeji wanaliita Bati Jekundu ingawa wekundu wenyewe umebaki kwenye kingo tu, Esnath anafagia. Amevaa masweta mawili. Kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi.

Haanzii mlangoni. Anaanzia mwisho kabisa wa banda, kwa sababu upepo wa hapa huingia kutokea barabarani, na ukianzia mlangoni unarudishiwa kila ulichokitoa.

Ana miaka 29, na kazi hii ameifanya miaka saba. Kila baada ya hatua chache anainama, akatazama chini, akanyanyuka. Mtu angedhani mgongo unamuuma. Kumbe anasoma.

"Hapa maharage ya njano yamemwagika, kwa hiyo Mzee Manase jana alipokea mzigo," anasema. "Hapa kuna maganda ya ndizi matatu sehemu moja. Huyu alikosa mteja hadi mchana, akawa anakula kwa mawazo."

Anafika kwenye safu ya vizimba vya upande wa reli. Anafagia, anainama, ananyanyuka. Anafagia tena.

"Hapa hamna kitu. Vumbi tu. Na vumbi si takataka, vumbi linaingia lenyewe. Takataka lazima aje mtu aziache."

Banda lina vizimba 34. Leo vinavyofanya kazi ni 13. Kila mwenye kizimba humpa Esnath shilingi 300 kwa siku, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kukokotoa jinsi jioni zake zilivyobadilika tangu mwezi wa tatu. Yeye hapendi kulizungumza hilo. Kinachomuuma ni tangazo ambalo mwenye kiwanja amelibandika langoni: mwisho wa mwezi huu wa sita, kama vizimba vyenye watu havijafika ishirini, banda litavunjwa na eneo litakuwa maegesho ya malori.

Vinahitajika saba zaidi. Vyote saba vina wenyewe, nao wapo hapahapa mjini. Wamekataa kurudi.

Mhubiri yule anaitwa Silvanus. Si wa kanisa lolote la hapa. Huzunguka na pikipiki, spika moja na betri ya gari, leo Makambako, kesho Njombe, wiki ijayo Ludewa. Siku ile aliifunga spika yake kwenye nguzo ya kati, juu, karibu na dari, ili sauti ifike hadi nje.

Alianza na Babeli. Akaja Tiro, mji wa matajiri wa baharini ambao nabii Ezekieli aliuambia utakwanguliwa hadi mwamba, ubaki mahali pa kuanikia nyavu. Watu walikuwa bado wanacheka. Consolata alimpigia kelele, "Mtumishi, hapo pa nyavu pazuri, dagaa watashuka bei!"

Kisha Silvanus akaingia kwenye habari ya debe, na kicheko kikakatika.

Kila aliyelima mahindi kati ya Uwemba na Mlangali anajua habari ya debe. Lipo debe la kununulia kwa mkulima, ambalo limegongwa kwa ndani hadi likatuna tumbo. Na lipo debe la kuuzia kwa mteja, ambalo limebonyezwa mbavu hadi likakonda. Yote mawili yanaitwa debe, na kati ya hilo tumbo na hizo mbavu kuna watu wamejenga nyumba. Silvanus aliyataja yote mawili kwenye spika, mchana kweupe, wakulima wakisikia.

"Ninyi ni Ninawi, mji wa uongo na unyang'anyi!" alisema. "Siku arobaini! Siku arobaini na banda hili litakuwa gofu. Nungunungu atalala kwenye vizimba vyenu. Bwana atawafagia kwa ufagio wa uharibifu, kama alivyomwambia Babeli. Kama ufagio wa yule binti pale!"

Akamnyooshea Esnath kidole.

Hapo ndipo bundi alipotoka.

"Kwanza niliona aibu," anasema Esnath. "Watu wote waligeuka. Halafu nikakasirika. Ufagio wangu haujawahi kuharibu kitu. Mimi nikifagia, watu wanakaa, wanapanga vitu vyao, wanauza. Nikasema huyu, amesoma kweli au ameruka?"

Esnath aliishia darasa la saba katika kijiji kilicho karibu na Uwemba. Ana Biblia aliyopewa na baba yake siku ya kipaimara, na anaijua vizuri pale ambapo kila mtu anaijua. Manabii hakuwahi kuwafikia.

"Kusoma najua. Nisichokuwa nacho ni haraka," anasema. "Basi nikasoma polepole."

Alisoma wakati wa chakula cha mchana, ameketi juu ya gunia, siku kumi na sita. Isaya, Yeremia, Ezekieli. Akakuta ufagio ni kweli umo. Akakuta bundi, akakuta nungunungu, akakuta miiba imeota kwenye majumba ya wafalme. Hakuna alichoruka. Nahumu alimtisha hadi akakifunga kitabu, akanywa maji, akakifungua tena.

"Na kila mji niliuliza, huu ulifanya nini?" anasema. "Mmoja ulicheka jirani yake alipoanguka. Mwingine uliuza watu. Mwingine ulijisemea moyoni, mimi nipo, hakuna mwingine. Haikuwa hasira ya bure. Basi nikarudi kwetu nikauliza, na sisi? Jibu nililijua. Debe."

Hapo ndipo ugomvi wake ulipoanzia, na aligombana na pande zote mbili. Wafanyabiashara aliwaambia mhubiri amesema kweli kuhusu debe. Walioanza kufunga mizigo aliwaambia mhubiri hakusoma hadi mwisho.

"Mwenzangu, wewe unabishana na Mungu?" Feliciana, muuza maharage, alimuuliza mbele ya watu.

"Sibishani na Mungu, dada Feliciana. Nabishana na wewe, unayekimbia na hakuna anayekukimbiza."

Aliyewakimbiza hasa alikuwa bundi. Siku ya tatu baada ya mahubiri, vijana wa mizigo walimfukuza kwa mawe, wakaziba tundu lake la darini kwa mabati na waya. Watu wakapiga makofi. Esnath alisimama chini akiwaambia waache, wakamwita mama bundi, jina ambalo wengine wanalitumia hadi leo.

Esnath alikuwa anamjua bundi yule kwa mwaka wa tatu. Kila asubuhi, chini ya nguzo ya kati, alikuwa anafagia mabonge meusi ya ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, kisha manyoya na mifupa akavitapika vikiwa vimeviringwa. Siku moja Esnath alipasua bonge kwa kijiti akakuta fuvu dogo lenye meno. Tangu hapo akawa anayahesabu. Kuna wiki alipata mafuvu arobaini na moja.

"Sasa niambie," anasema, "banda lililolaaniwa linapata wapi panya arobaini na mmoja kwa wiki? Panya wamefuata mahindi. Bundi amefuata panya. Kule kwenye magofu ya Babeli sijui alifuata nini, lakini hapa alifuata biashara yetu. Na mchana ule alitoka kwa sababu mtu alimfungia spika sikioni. Hata mimi ningetoka."

Wiki tatu baada ya tundu kuzibwa, Feliciana alifungua magunia yake mawili ya maharage akakuta maganda na kinyesi. Panya walikuwa wamehamia chini ya magunia kama wapangaji. Feliciana hakuona panya. Aliona pigo. Jioni hiyohiyo alihama, akaenda kupanga meza barabarani juani, na waliokuwa wanasitasita wakamfuata. Ndani ya siku nne vizimba ishirini na kimoja vilikuwa vitupu.

Esnath aliomba ngazi kwa Mzee Manase Mgaya, mwenyekiti wa banda. Mzee akamuuliza anaitaka ya nini.

"Kumfungulia bundi."

"Binti yangu, watasema umeroga."

"Wameshasema, Mzee. Bora waseme na panya wapungue."

Alipanda mwenyewe, akang'oa waya kwa mkono, kovu lake bado lipo kwenye kiganja cha kushoto. Baada ya siku tisa, chini ya nguzo ya kati, alikuta bonge moja bichi. Anasema alilitazama kama mtu aliyepata barua.

Likabaki la debe. Hapo Mzee Manase anastahili sifa yake, ingawa mwenyewe anasimulia kwa kucheka. Esnath aliwasomea wale kumi na watatu waliobaki habari ya Yona: kwamba Ninawi nao walipewa siku arobaini, na kwamba mfalme wao alishuka kwenye kiti, akavaa gunia, akaketi majivuni, na watu wakaacha udhalimu uliokuwa mikononi mwao. Hata mifugo ilivikwa magunia.

"Mimi nikauliza swali la kweli kabisa," anasema Mzee Manase. "Nikasema, sisi tuvae yapi? Magunia ya katani hayapo tena. Tuvae viroba vya mbolea? Na yule mbuzi wa mama Hilario naye avalishwe?"

"Avalishwe na nani?" anadakia Consolata kutoka kwenye dagaa zake. "Alikula kiroba chote!"

Esnath aliwaambia gunia si neno. Neno ni kilichokuwa mikononi mwao. Na mikononi mwao, wote waliona, kulikuwa na debe.

Siku ya thelathini na nane Mzee Manase alileta nyundo kutoka nyumbani. Alianza na debe lake, la tumbo, akalishindilia likarudi. Kisha la mbavu, akalinyoosha. Wengine wakapanga foleni. Kelele ilikuwa kubwa hadi watu wa gereji ng'ambo ya barabara walikuja kuuliza kuna kazi gani. Consolata, ambaye debe hana, alileta kikopo chake cha kupimia dagaa. Kitako chake alikuwa amekipandisha juu kwa ndani kama kichuguu.

"Kumbe na wewe, mama Hilario!" Esnath alimwambia.

"Nyamaza na wewe, mama bundi."

Siku ya arobaini ilikuwa Jumatano. Consolata alikuwa akihesabu kwa chaki ukutani, na asubuhi hiyo alikuja na begi la nguo, tayari kwa lolote. Esnath alifika saa yake ileile, akaanzia mwisho wa banda. Mvua ilinyesha kidogo saa tano. Mkulima mmoja alileta mahindi, akapimiwa kwa debe lililonyooshwa, akahesabu mara mbili, akauliza kama debe limeharibika. Jua likazama. Banda likabaki limesimama.

"Nilidhani kesho yake watarudi," anasema Esnath. "Nilifagia hadi vizimba vyao, nikapiga maji."

Hawakurudi. Ndipo Esnath alipogundua kwamba tatizo halikuwa siku arobaini. Feliciana alimweleza wazi, wakiwa wamesimama barabarani kwenye meza yake. Kwao, mtu mzima akitamka neno baya juu ya nyumba, nyumba ile haikaliki hadi aliyetamka aitwe, atie maji mdomoni, ayapulize chini mbele ya watu na kusema ameliondoa. Hakuna mwingine awezaye kuliondoa. Mchungaji hawezi, mwenyekiti hawezi.

"Lakini yule alisoma Biblia tu," Esnath alimwambia. "Lilikuwa neno la Babeli. Si letu."

"Alilisema juu ya bati letu. Basi ni letu. Alete mdomo wake aliondoe, mimi kesho yake nafungua kizimba. Na wenzangu sita wamesema hivyohivyo."

Esnath hakubaliani nao. Anaona wamechukua onyo la nabii wakalifanya laana ya babu. Lakini amewasikiliza, na amehesabu: Feliciana na sita, ni saba. Ndilo pengo lenyewe.

"Mungu akiamua kulifanya gofu, atanikuta nafagia," anasema. "Sitamsaidia mtu kulifanya gofu kwa kukaa barabarani. Miji ile ilipigwa na majeshi. Sisi nani ametupiga? Tumetoka kwa miguu yetu. Basi kwa miguu yetu turudi."

Mpango wake, kwa hiyo, ni mmoja. Kumpata Silvanus.

Alhamisi, siku ya tisini tangu mahubiri yale, Esnath anamaliza kufagia mapema, anavaa gauni lake la kanisani juu ya sweta, anakwenda Njombe. Baridi ya Njombe inamng'ata hata yeye. Hahitaji kuuliza sana. Sauti anaisikia kabla hajafika sokoni, na leo ni zamu ya Edomu: miiba itaota kwenye majumba yake, na bundi atataga humo.

Anasubiri amalize. Anasimama nyuma ya wauza parachichi, mikono kwapani, saa nzima. Hatimaye Silvanus anazima spika na kuketi kwenye kigoda, chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Ni mtu wa makamo, mwembamba, viatu vimepasuka. Anamenya ndizi.

"Kamwene, Mtumishi."

"Kamwene, binti yangu. Unahitaji maombezi?"

"Hapana. Nimetoka Makambako. Bati Jekundu."

Mkono wenye ndizi unasimama njiani.

"Bado lipo?"

"Lipo. Asubuhi nimelifagia."

Silvanus anamtazama vizuri sasa, kofia, gauni, kiganja chenye kovu. Anamkumbuka. Anaiweka ndizi kwenye goti.

"Mungu ni mvumilivu," anasema. "Lakini neno lake halirudi bure."

"Halikurudi bure, Mtumishi. Debe zote zimenyooshwa. Kumi na watatu wamenyoosha kwa nyundo, mbele ya watu. Uliposema debe, ulisema kweli, na mimi niliwaambia hivyo. Ila wengine wamekimbia, na wanasema hawarudi hadi uliyesema uje. Mwisho wa mwezi litavunjwa."

"Mimi nilitumwa kusema. Sikutumwa kurudi."

"Basi mimi nimetumwa kukuita."

"Na nani?"

"Na watu saba wanaokuogopa kuliko wanavyomwogopa Mungu."

Muuza parachichi wa karibu anaguna. Silvanus anageuka upande mwingine, kisha anarudisha macho.

"Wataona nilikuwa mwongo," anasema, sauti ikiwa chini kabisa.

Esnath anachuchumaa ili macho yao yalingane. Anaongea taratibu, kama anavyosoma.

"Sikuombi useme ulikosea. Sikuombi upulize maji. Jumamosi ni siku ya gulio, watu wanajaa. Njoo saa tatu asubuhi. Simama palepale uliposimama, ila spika tutakufungia nje. Tusomee Yona, sura zote nne. Usiishie ya tatu, Mtumishi, wala usiruke. Tusomee hadi pale Mungu anapomwambia nabii wake habari za watu wale na mifugo yao mingi. Ukimaliza, ondoka; wakisikia kwa mdomo uleule kwamba Ninawi uliachwa, itawatosha. Nauli yako nimekuja nayo."

Anaitoa mfukoni mwa sweta, imekunjwa mara nne, anaiweka juu ya Biblia ya Silvanus.

Watu wawili wamesogea, wakidhani mahubiri yanaanza tena. Silvanus anatazama ile noti. Anatazama pikipiki yake.

"Jumamosi saa tatu," Esnath anarudia. "Utakuja?"